Tuliosoma uchumi vyuo vya ufundi, tupeane uzoefu

Mzee wa BAM: Asubuhi kwenye daladala nimemsikia dogo analalamika kapangiwa uchumi, chuo cha ufundi, naye katoka HGE (historia, jiografia, uchumi). Nikakumbuka wiki yangu ya kwanza. Hisabati tulichanganywa na wahandisi, vijana wa PCM (fizikia, kemia, hisabati). Mwalimu akajaza ubao, akasema "haya mlimaliza kidato cha sita", akafuta. Mimi nina BAM tu, hisabati ya msingi! Mwaka ule nililamba sapu mbili, mitihani ya kurudia. Dogo kama huyu tumwambie nini?

Kidume cha EGM: Ahame kozi mapema, dirisha likiwa wazi. BAM haitoshi.

Mama Wawili: Asihame! Mimi HGE vilevile. Lagrange, hesabu ya kutafuta kilicho bora ukiwa na kikomo, nilifundishwa hosteli na binti wa uhandisi ujenzi. Aliniambia chukulia bumu lako, hela ya mkopo wa chuo: unataka ule vizuri mpaka mwisho wa semesta, ila hela ina kikomo. Lambda, ile namba inayotoka kwenye hesabu hiyo, inakuonyesha ukiongezewa shilingi moja utaridhika zaidi kwa kiasi gani. Hapo ndipo nilipoelewa.

Nyundo: Uchumi chuo cha ufundi wa nini? Uchumi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mzee wa BAM: Samuelson, Mmarekani wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, 1970, alikuwa anafundisha MIT. Kile si chuo cha teknolojia?

Nyundo: MIT unailinganisha na kwetu, kompyuta moja watu sita?

Dada wa Viazi: Acheni ubishi. Hii sijawahi kumsimulia mtu. Utafiti wangu wa mwaka wa tatu ulikuwa bei ya viazi mviringo, Makambako. Siku 62 nipo sokoni na daftari, naandika bei ya gunia. Stata, programu ya takwimu, ikanipa bei iliyotulia, nikaandika kwa kujiamini kwamba soko ni tulivu. Siku ya kutetea, mwalimu mmoja wa mitambo aliyeitwa kujaza jopo akaniuliza: "Gunia lako kilo ngapi?" Mia, nikasema, maana ndivyo sheria inavyotaka. "Ulipima?"

Nikanyamaza. Lumbesa mnaijua: gunia likijaa linashonewa wavu juu, viazi vinapanda kama kichuguu. Soko likilegea, mnunuzi hagusi bei, anaongeza kichuguu. Mkulima alikuwa anaumia mbele ya macho yangu, nami naandika "bei haijabadilika".

Nikarudishwa. Novemba wenzangu wamevaa joho, mimi niko Makambako na mzani wa kuazima, nawabembeleza madalali waniruhusu kupima. Mama akipiga simu namwambia cheti bado. Gunia la kwanza nililopima: kilo 138.

Mama Wawili: 138! Mimi mtoto wa mkulima wa viazi. Umeniliza.

Kidume cha EGM: Uliishia wapi?

Dada wa Viazi: Nilipita Machi. Msimu huo bei ya gunia haikusogea, lakini bei ya kilo ilishuka karibu theluthi.

Nyundo: Mwalimu wangu wa uchumi asingeuliza lile swali. Hapo nakubali.

Kidume cha EGM: Basi abaki, ila hisabati aanze leo.

Mama Wawili: Leo apumzike. Na bumu la kwanza asinunulie laptop.

Dada wa Viazi: Anunue. Ya kuazima ilinipotezea wiki nzima ya data.

Kidume cha EGM: Mzee, dogo ulimpa namba yako?

Mzee wa BAM: Alishuka Ubungo kabla sijamfikia.