Picha za familia sebuleni: plasta inameguka, na moja imeganda kwenye kioo

Mgeni_Chumbageni
Wadau, salaam. Nyumba ya tofali za saruji, Tanga, ukuta wa sebule una mita 3.4. Picha ziko 11: tano za A4, nne za 4R (inchi 4 kwa 6), mbili za zamani nyeusi na nyeupe. Misumari inapinda au inang'oka na plasta. Na moja ya zile za zamani imeganda kwenye kioo cha fremu. Naanzia wapi?

MzeeFremu
Anza na iliyoganda, na usithubutu kuibandua. Picha imekaa kwenye utando wa jelatini. Unyevu huulainisha ukashika kioo, na ukivuta, uso wa mtu unabaki kiooni. Ipige picha hivyo hivyo na kioo chake: karibu na dirisha mchana, bila flashi, simu iwe sambamba nayo, nguo nyeusi nyuma ya simu kuua mng'ao. Mambo ya maji moto na kikausha nywele, achana nayo. Tundika nakala; ya asili iingie kwenye bahasha ya karatasi, si nailoni, ikae kabatini.

Nakala nayo isiguse kioo. Weka katikati kadi ya mm 2 iliyokatwa dirisha, ila uulize isiyo na asidi. Kadi ya boksi inageuza picha kuwa ya njano.

Drili6
Msumari haufai hapo. Drili ya kugonga, biti ya zege mm 6, fisha (kile kichomeo cha plastiki kinachoshika skrubu) mm 6, skrubu inchi 2. Bandika selotepu ya karatasi juu ya alama, toboa bila kugonga mpaka upite plasta (kama sm 1.5), ndipo uwashe kugonga hadi sm 5. Fisha isukume mpaka ikae ndani ya tofali. Ikibaki kwenye plasta itatoka nayo. Puliza vumbi kwanza, la sivyo fisha inazunguka pamoja na skrubu. Usitoboe juu wala chini ya swichi, ndiko waya zinakopita.

Wa nyumba za mawe na chokaa, Lamu au Mji Mkongwe: msigonge kabisa. Mna zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zitumieni.

BintiPambo
Zote 11 ukuta mmoja? Hapana. Panga A4 tano mstari mmoja: fremu zenye upana wa sm 25, nafasi sm 6, jumla sm 149, kila upande zinabaki kama sm 95. Kata magazeti kwa saizi ya fremu, yabandike, yatazame siku mbili kabla ya kutoboa. Katikati ya picha iwe sm 150 toka sakafuni. 4R zitapotea ukutani. Zote nne ziingie fremu moja.

MzeeFremu
150 ni ya ukumbini, watu wakipita wamesimama. Sebuleni tunakaa: 140, mradi zibaki sm 20 juu ya kochi. Na nyuma ya kila fremu gundisha vipande vinne vya mpira vya mm 5 hewa ipite, hasa ukuta ukipigwa na mvua za masika. Bila hivyo ukungu unaanzia mgongoni, na utauona umeshafika mbele.

Mgeni_Chumbageni
Ahsanteni. Nakala niitume kwa mchapishaji WhatsApp?

BintiPambo
Itume kama dokyumenti. Ukiituma kama picha inabanwa na kupoteza pikseli, na A4 safi inataka pikseli 2480 kwa 3508.