Dizeli iliyotumika ya kuendea kazini: Golf 1.9 TDI, CX-5 2.2 au Prado ya 1KZ?

Mtaka_Dizeli
Wakuu, nisaidieni kabla sijaitupa akiba yangu. Natafuta gari la dizeli lililotumika. Kazini ni kilomita 8 kwenda na 8 kurudi, siku tano kwa wiki. Safari ndefu ni mara moja moja. Nimebakiwa na matatu: Golf 1.9 TDI ya 2001, Mazda CX-5 2.2 ya 2013 na Prado ya 1998 yenye injini ya 1KZ-TE. Moyo uko kwa Mazda, ndiyo changa na ndani inang'aa.

Mkono_Mweusi
Moyo uache nje ya gereji, mkuu. Hizo kilomita 8 ndizo zitakazokuchagulia gari. CX-5 ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ile DPF. Hujisafisha kwa kuyaunguza masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na ili joto lifike huko injini humwaga dizeli ya ziada ndani ya silinda. Kazi hiyo inataka mwendo usiokatika kwa dakika kadhaa, na wewe utakuwa umeshaegesha na kuzima. Kesho hivyo hivyo. Dizeli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili, basi oili inapanda badala ya kupungua. Ndiyo maana stiki ya oili ya injini hiyo ina alama ya X juu ya alama ya kujaa: ikifika hapo, badilisha hata kama sevisi bado.

Kasi_Tano
Si akitoe tu hicho kichujio? Mafundi wanakitoa kila siku.

Mkono_Mweusi
Katika nchi nyingi ni kosa. Halafu kompyuta ya gari itakitafuta mpaka nayo idanganywe. Sioni sababu ya kununua gari ambalo siku ya kwanza unaanza kulidanganya.

Mama_Pacha
Nitetee kidogo. Langu lina kichujio kama hicho, mwaka wa nne sasa, halijanisumbua. Ila mimi nakwenda kilomita 60 kwa siku, barabara kuu tupu.

Kilichoniumiza ni gari la kabla ya hili. Muuzaji aliniapia kwamba mkanda wa taiming, ule unaozifanya valvu na pistoni ziende kwa zamu, ni mpya, wala sikudai karatasi. Wiki ya tatu ukakatika nikiwa kwenye mwendo, valvu zikagongana na pistoni, injini ikashushwa. Golf hiyo nayo ni ya mkanda. Bila risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa: weka mpya, pamoja na roli zake na pampu ya maji, maana fundi anakuwa ameshafungua huko huko.

Mzee_wa_Nozeli
Mtoa mada, hiyo Golf ni ya nguvu farasi ngapi? Hilo ni swali kubwa kuliko rangi na viti. Kwenye kizazi kile cha nne, 1.9 ya 90 na ya 110 zinatumia pampu moja ya kuzunguka inayolisha nozeli zote. Ya 100, 115, 130 na 150 kila silinda ina nozeli yenye pampu yake, inayosukumwa na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Zinavuta vizuri sana, sikatai, lakini ukiweka oili isiyo ya aina yake kamshafti inalika. Mimi ningetafuta zile mbili za kwanza.

Mtaka_Dizeli
Nimeuliza, ni 110. Na Prado je? Kila mtu ananiambia haifi.

Mzee_wa_Nozeli
Haifi mpaka ichemshe. Mara moja tu ikichemsha vibaya, silinda hedi inaweza kupasuka. Ndio ugonjwa wa 1KZ. Fika asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, ubane bomba la juu la rejeta. Likiwa gumu kabla gari halijawashwa, kuna gesi inapenya kwenye maji, ondoka na salamu zako. Na taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ya kukumbusha kubadilisha mkanda wa taiming, isikutulize, inahesabu kilomita tu na inaweza kurudishwa sifuri bila mkanda kuguswa.

Tena, gari zito kiasi hicho kwa kilomita 8 za foleni? Unamlisha ng'ombe upate glasi moja ya maziwa.

Kasi_Tano
Kwa kilomita 8 mimi ningenunua petroli nikalala.

Mkono_Mweusi
Leo umesema la maana, Kasi_Tano. Dizeli huchelewa kupata joto, na masafa hayo hayaifurahishi yoyote kati ya hizo tatu. Golf ndiyo itakayovumilia zaidi kwa kuwa haina kichujio cha kuziba. Safari ndefu nazo usiziache, zinasaidia kupunguza masizi kwenye tabo (turbo). Siku ya kuiona, iwashe mwenyewe. Moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi na hauishi, angalia hita plagi, zile zinazopasha silinda joto wakati wa kuwasha, na mgandamizo wa silinda. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: ikipumua kwa nguvu, pistoni zimechoka.

Mtaka_Dizeli
Mazda nimeifuta, roho inauma. Golf naiona Jumamosi saa moja asubuhi. Nimemwomba muuzaji asiiwashe kabla sijafika. Ameniuliza mara mbili kwa nini.