Mrejesho: viza ya Schengen kwa ajili ya kongamano

Niliuliza kama barua ya mwaliko wa kongamano inatosha kuombea viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja). Asanteni sana kwa majibu, viza imetoka. Barua peke yake haitoshi.

Kinachokwamisha wengi ni majina. Barua, risiti ya ada ya ushiriki na bima vyote viwe na majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Bima ifikie angalau euro 30,000, itambulike nchi zote za Schengen na ianze siku ya kuingia hadi ya kutoka. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai miezi 3 baada ya kuondoka huko, na iwe na kurasa 2 tupu.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Tafadhali msingoje hizo 15! Uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45, na nafasi za miadi hujaa mapema. Ombeni kwa nchi ya kongamano, hata kama ndege inatua kwanza nchi nyingine ya Schengen.

Nakala za barua na bima ziwe kwenye begi la mkononi, si kwenye mizigo mikubwa: afisa wa mpakani anaweza kuzidai hata kama viza imeshabandikwa.