Ndege ya Nairobi hadi New York huchukua saa ngapi? Naomba ushauri kuhusu safari ya mama

Mwana_wa_Likoni: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mama yangu, mwenye miaka 68, anasafiri wiki ijayo kutoka Nairobi kwenda New York kumwona mjukuu wake wa kwanza. Tiketi inaonyesha ataondoka saa tano na nusu usiku na kufika saa moja na nusu asubuhi. Naomba kujua umbali na muda wa kukaa angani, maana usingizi umenipaa.

Msoma_Ramani: Ni takriban kilomita 11,800. Tangu Kenya Airways ianze safari hiyo bila kutua njiani, Oktoba 2018, kwenda huchukua kama saa 15, na kurudi hupungua kwa sababu upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Bi_Kisauni: Mimi nilipitia Doha, saa tano hivi hadi pale, kisha 14 nyingine. Nilipotua miguu ilikuwa imevimba hata viatu haviingii, nikashuka na kandambili. Mwanangu, mbona unauliza saa tu? Mama ana nini?

Mwana_wa_Likoni: Shikamoo mama. Alifanyiwa upasuaji wa goti siku 16 zilizopita, lakini anatembea kwa mkongojo. Fedha ya tiketi hairudishwi, dada yangu amejifungua na yuko peke yake kule, na mama mwenyewe ameshafunga sanduku.

Mzee_Jomvu: Mzazi hasafirishwi kama shehena ya kuwahi meli. Fedha hutafutwa tena.

Hesabu_Kali: Kisa hiki kimetungwa. Kutoka saa tano na nusu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi ni saa nane, si 15. Tiketi hiyo haipo.

Msoma_Ramani: Ndugu, umesahau tofauti ya majira. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba wakati wa kiangazi chao, na nane wakati wa baridi. Saa nane za ukutani ukiongeza saba unapata 15 kamili.

Bi_Kisauni: Tiketi tuiache, tuzungumze goti. Kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, na upasuaji wa karibuni huizidisha. Bonge hilo likifika mapafuni linaweza kuua. Daktari aliyempasua amesemaje?

Mwana_wa_Likoni: Sijamwuliza, kwa kuwa naogopa atakataa. Nimeshanunua soksi za kubana, na kiti chake kiko kando ya ujia ili aweze kuinuka. Kwa aliyesema natunga: nimeketi naye hapa, mguu uko juu ya mito miwili na bandeji bado haijatolewa. Mshono utaangaliwa Jumanne, na ndege ni Alhamisi.

Bi_Kisauni: Marahaba, mwanangu. Jumanne usibaki nje kwenye benchi. Ingia naye hadi ndani, umtajie daktari hizo saa 15 kabla hajaugusa mshono.