Mzigo bado uko barabarani, mfumo unasema umeshafika Mwanza: nipange vipi maghala kwenye ERPNext?

Kanda_ya_Ziwa:
Wakuu, habari za kazi. Tunasambaza mafuta ya kupikia na sabuni. Ghala Kuu liko Vingunguti, matawi ni Mwanza na Arusha, na kuna stoo ndogo Kariakoo. Mfumo ni ERPNext, programu ya kuendeshea hesabu na stoo za biashara. Mzigo ukipakiwa Dar, mtunza ghala anaandika Stock Entry (hati ya stoo) ya Material Transfer, yaani kuhamisha bidhaa, kutoka Ghala Kuu kwenda Mwanza. Lori linakaa siku mbili njiani, lakini salio la Mwanza linapanda dakika ileile. Watu wa mauzo wanatoa ankara za katoni ambazo bado ziko Singida. Likifika, Dar wana karatasi ya katoni 400, Mwanza wamehesabu 396, na hakuna wa kuulizwa. Mwisho wa mwezi tunasawazisha kwa Stock Reconciliation, yaani kulazimisha salio la mfumo lilingane na kilichohesabiwa, mwezi unaofuata yanarudi yaleyale. Nianzie wapi?

Mtunza_Salio:
Mkuu, anzia kwenye ghala la njiani. Mzigo ulioko barabarani si wa Dar tena na bado si wa Mwanza, kwa hiyo uwe na mahali pake kwenye mfumo. Fungua maghala mawili ya aina ya Transit (njiani): "Njiani – Mwanza" na "Njiani – Arusha". Usiweke moja la pamoja, maana upungufu wa njia moja utajificha ndani ya mzigo wa njia nyingine.

Dar wanapopakia: Stock Entry, Material Transfer, weka tiki kwenye Add to Transit, kisha hakikisha ghala la kupokea ni Njiani – Mwanza, siyo Mwanza. Namba ya gari na namba ya lakiri ziandikwe kwenye hati hiyohiyo, siyo kwenye daftari. Hapo Ghala Kuu linapungua 400, Njiani linaongezeka 400, Mwanza halijaguswa, na watu wa mauzo hawaoni salio la kutolea ankara.

Lori likifika, mpokeaji wa Mwanza anahesabu kwanza, ndipo anafungua hati ileile na kubonyeza End Transit, yaani kumaliza safari. Mfumo unamtengenezea hati ya pili yenye 400. Abadilishe iwe 396, athibitishe. Hati ya kwanza itabaki kwenye asilimia 99, na katoni 4 zitakaa Njiani zikisubiri maelezo. Zikithibitika zimepotea, zitoe kwa Material Issue (hati ya kutoa bidhaa stoo) kutoka Njiani kwenda akaunti ya hasara, au akaunti ya kumdai msafirishaji kama mkataba unasema hivyo.

Stock Reconciliation usiitumie kabisa kwenye upungufu wa safari. Inafuta tofauti bila kusema ilitokea wapi, na ndiyo maana kwenu yanarudi kila mwezi.

Hesabu_za_Stoo:
Naongezea. Kwenye Stock Settings ondoa tiki ya Allow Negative Stock, inayoruhusu salio kushuka chini ya sifuri. Tiki ikibaki, Mwanza watauza kisichokuwepo, mfumo utakadiria gharama yake, na mzigo ukija kuingizwa kwa tarehe ya nyuma thamani zote zilizofuata zinapigwa upya. Faida ya mwezi mliokwisha kuutolea ripoti inabadilika.

Nauli ya lori iandikwe kwenye Additional Costs (gharama za ziada) ya Stock Entry, na mara moja tu. Mimi naiweka kwenye hati ya kupokea: nauli ya 1,200,000 kwa katoni 396 ni kama shilingi 3,030 kila katoni. Ukiiweka kwenye hati zote mbili, bidhaa inabeba nauli mara mbili. Angalia pia kwamba mfumo unaigawa kwa thamani, hauangalii uzito. Lori likichanganya sabuni ya miche na bidhaa nyepesi ya bei kubwa, ile nyepesi ndiyo itabeba nauli ya sabuni. Mizigo ya namna hiyo igawe kwenye hati tofauti na ukokotoe nauli ya kila hati mwenyewe.

Vipimo je? Kama Mwanza wanauza chupa mojamoja, kipimo cha msingi kiwe chupa, katoni iwe chupa 12. Bidhaa ikishakuwa na miamala, kipimo cha msingi hakibadiliki. Na kiwanda kikitoa katoni ya chupa 10, fungua bidhaa mpya, usiguse ile 12.

Kanda_ya_Ziwa:
Asanteni sana. Nimejaribu kwenye mfumo wa majaribio, lakini mpokeaji wa Mwanza haioni hati iliyotoka Dar. Na Kariakoo nayo iwe na Njiani yake? Maombi ya matawi pia yanakuja kwa WhatsApp.

Mtunza_Salio:
Haioni kwa sababu User Permission (mipaka ya anachoruhusiwa kuona mtumiaji) imemfungia ghala la Mwanza tu, na hati ina jina la Ghala Kuu. Mpe ruhusa ya Njiani – Mwanza, kisha kwenye Customize Form, ukurasa wa kurekebisha fomu, weka Ignore User Permissions kwenye sehemu ya ghala la kutoa, juu ya hati na ndani ya jedwali la bidhaa. Kariakoo mzigo unafika siku hiyohiyo. Hati moja inatosha, ila athibitishe anayepokea, siyo anayetoa.

Maombi yaingie kwenye mfumo. Fungua bidhaa, jedwali la Auto Re-order, ambapo ombi linajifungua salio likishuka hadi kiwango ulichoweka: Mwanza weka aina ya Transfer (kuhamisha), Ghala Kuu weka Purchase (kununua). Kiwango kikokotoe hivi: Mwanza ikiuza katoni 60 kwa siku, na kutoka kuomba hadi kushusha ni siku 4, hiyo ni 240, ongeza akiba ya siku 2, inakuwa 360. Kabla ya kuidhinisha ombi, tazama salio la Njiani – Mwanza, usije ukapeleka lori la pili juu ya lile linaloshuka kesho.

Hesabu_za_Stoo:
Siku ya kuhamia utaratibu huu, hati za zamani usizifute. Orodhesha malori yaliyoko barabarani, na kwa kila lori hamisha idadi yake kutoka Mwanza kwenda Njiani – Mwanza. Kama mauzo wameshatoa ankara za sehemu ya mzigo huo, salio halitatosha na mfumo utakataa. Ankara hizo zishughulikiwe kwanza. Fanya jioni, mauzo yakishafungwa.