MPAKANI HADI BAHARINI 🚲 (watu makini tu)

JUMANNE

Zuhura [20:14]: Jamani habari za jioni, wakubwa shikamooni. Narudi tena na ile mada yetu maana wiki nzima kimya, watu wanasoma wanapita kama wamepita kaburini. Ramani nimeshamaliza. Kutoka mpakani mpaka baharini ni kilomita 1,120, nimeweka siku 14 za kuendesha na 2 za kupumzika, inakuja 80 kwa siku. Naomba kila mtu aandike NIPO au SIPO leo hii hii sio kesho

Zuhura [20:47]: Naona mmesoma watu tisa

Zuhura [21:30]: Haya

Idi [21:33]: Nipo dada. Ila nakuja na spika

Zuhura [21:33]: Idi usianze

Idi [21:34]: Ndogo tu naifunga kwenye usukani. Milimani mtanishukuru

Tatu [21:52]: Mi nipo wifi ila 80 na mizigo mbona nyingi? Juzi nimeenda 30 tena mtupu bila hata mkoba, goti la kulia mpaka sa hizi linalalamika

Mwanaidi [22:05]: Anti Tatu linauma mbele au nyuma?

Tatu [22:06]: Mbele hapa kwenye kifuniko

Mwanaidi [22:09]: Kiti chako kiko chini. Kaa juu ya baiskeli mtu akushikilie, weka kisigino kwenye pedali ikiwa imeshuka kabisa, mguu unyooke. Ukija kukanyaga kwa mbele ya wayo goti linabaki na mkunjo kidogo, hapo ndo penyewe. Pandisha taratibu, leo kidogo kesho kidogo, usipandishe kwa mkupuo ukahamishia maumivu nyuma

Mama Mdogo Rehema [22:15]: Kumbe humu tuna daktari na hasemi

Idi [22:16]: Daktari muulize kuhusu kiti chenyewe. Goti langu zima, ni huku nilikokalia ndo nahitaji rufaa

Mama Mdogo Rehema [22:17]: 😂😂😂😂

Zuhura [22:20]: NIPO au SIPO jamani

JUMATANO

Zuhura [06:02]: Amkeni. Orodha ya vitu, someni mpaka mwisho kabla hamjauliza. Mzigo mtu mmoja usizidi kilo 15 na hapo nimewaonea huruma. Vizito vikae chini karibu na gurudumu sio juu ya keria mkafanana na ngamia, na sio vyote nyuma, pelekeni na mbele kidogo la sivyo usukani unacheza kwenye mteremko. Kila mtu tyubu mbili mpya, viraka, gundi (muifungue muione haijakauka, mwaka ule tulibeba gundi ya mawe), spoki za akiba za saizi ya gurudumu LAKO, kipande cha mnyororo cha kuungia, kebo moja ya breki na moja ya giya. Maji hesabuni nusu lita mpaka lita nzima kwa saa jua likiwa kali na mtie chumvi kidogo, usinywe maji matupu kutwa nzima halafu uniambie kichwa kinazunguka. Kaptula ziwe zile zenye sponji na zinavaliwa zenyewe, bila chupi, maana mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Pampu MBILI na zikae kwa watu wawili TOFAUTI, wenye kuelewa wameelewa

Mama Mdogo Rehema [06:40]: Zuhura humu kuna wazee

Zuhura [06:41]: Mama Mdogo ni mambo ya afya

Mama Mdogo Rehema [06:42]: Afya gani saa kumi na mbili asubuhi. Shemeji anasoma haya kabla hajanywa chai

Idi [06:58]: Naomba utaratibu wa ukaguzi. Nani atahakikisha?

Tatu [06:59]: 🤣🤣 Idi wewe utakufa vibaya

Mama Mdogo Rehema [07:03]: Na mto je? Mimi bila mto wangu silali

Zuhura [07:04]: Kwani Mama Mdogo unaendesha?

Mama Mdogo Rehema [07:05]: Sijasema siendeshi

Zuhura [07:30]: Turudi kwenye hoja. Muda wa kuondoka. Nimepanga kila siku tuwe barabarani saa tisa usiku, kwa sababu kwa mwendo wa 15 kwa saa hizo 80 ni zaidi ya saa tano juu ya kiti, weka na mapumziko na pancha ni saa saba au nane. Tukitoka saa tisa, saa tano asubuhi tumeshafika tumelala kivulini. Tukingoja kupambazuke tunaliwa na jua lote. Mnasemaje

Zuhura [09:12]: ?

Zuhura [12:40]: Kimya ni ridhaa

Salum [13:21]: Pampu kwa watu wawili tofauti. Zuhura hiyo ni mimi?

Zuhura [13:22]: Sijataja jina la mtu

Salum [13:22]: Miaka minne sasa

Zuhura [13:25]: Haya kama umeamua mwenyewe kulivaa. Kilomita kumi na moja Salum. Nimesukuma baiskeli kilomita kumi na moja tairi la nyuma limelala chini kabisa mpaka ringi inagonga kokoto kwa sababu pampu ilikuwa kwenye begi lako na wewe ulikuwa juu ya lori. Na ukanipungia mkono!! Nilikuona kwa macho yangu, umekaa juu ya magunia unapunga kama rais

Idi [13:26]: 💀💀

Salum [13:31]: Nilikuwa nakuita usimame!! Dereva hakunisikia nimepiga bodi la gari mpaka mkono ukavimba. Na lori sikupanda kwa raha zangu, spoki mbili zilikatika nyuma gurudumu likawa linakwaruza fremu kila likizunguka. Nilisema siku ile nimesema tena kwenye harusi ya Kibwana nasema na leo

Zuhura [13:32]: Spoki zinabadilishwa

Idi [13:35]: Jamani msimuonee binamu hili jambo ni la kihistoria. Tour de France ya kwanza 1903 alishinda Maurice Garin, mwaka uliofuata 1904 akashinda tena wakaja kumpokonya, yeye na wenzake kibao, watu walituhumiwa kupanda mpaka treni. Kwa hiyo Salum yuko kwenye kumbukumbu za wakubwa, tofauti yake ni magunia

Salum [13:36]: Idi nitakupiga

Mwanaidi [17:48]: Nimetoka kazini ndo nasoma. Mjomba Salum zilikatika upande gani, wa friwili au upande wa pili?

Salum [17:50]: Upande wa mnyororo zote mbili

Mwanaidi [17:58]: Basi hata ungekuwa na spoki za akiba usingezifunga pale. Gurudumu la nyuma ndo linabeba uzito mwingi, na upande wa friwili spoki zinavutwa kwa nguvu kuliko upande wa pili ili ringi ikae katikati, kwa hiyo zikichoka huko ndo hukatikia. Na kupitisha spoki mpya lazima ufungue friwili kwanza, inataka kifaa chake na spana kubwa, vitu ambavyo sidhani mlibeba. Shangazi ongeza hicho kifaa kwenye orodha, ni kidogo kinaenea kiganjani. Na magurudumu ya nyuma yawe ya spoki 36 sio hayo ya spoki chache ya mashindano

Salum [18:00]: ASANTE

Salum [18:00]: Asante Mwanaidi. Miaka minne

Zuhura [18:07]: Sikuuliza habari za spoki. Niliuliza pampu

Mwanaidi [18:15]: Na kingine shangazi usikasirike. Huu upande wa kuanzia. Siku nne za mwisho kwenye ramani yako tunashuka kuelekea baharini, na upepo wa bahari unaanza kuvuma kuja nchi kavu asubuhi jua likishapanda, mchana ndo unakolea. Ukienda 15 na upepo wa 15 unakuja usoni kifua kinapambana na hewa kama mtu anayekimbiza 30. Tukianzia baharini huo upepo unatusukuma

Tatu [18:17]: Si tutakuwa tunapanda sasa? Bahari iko chini

Mwanaidi [18:19]: Tunapanda ndiyo, ila tukiwa na giya ndogo ya kutosha mlima unaupanda huku unaongea. Upepo hauna giya anti

Idi [18:20]: *Idi amebadilisha jina la kikundi kuwa "BAHARINI HADI MPAKANI 🚲 (watu makini tu)"*

Zuhura [18:21]: *Zuhura amebadilisha jina la kikundi kuwa "MPAKANI HADI BAHARINI 🚲 (watu makini tu)"*

Zuhura [18:22]: Hatuendeshi baiskeli siku kumi na sita ili tumalizie kwenye kizuizi cha forodha. Mtu anamalizia baharini anatumbukiza gurudumu la mbele kwenye maji anapiga picha. Ndo raha yenyewe ilipo

Idi [18:23]: Tukianzia baharini tunatumbukiza gurudumu la nyuma

Mama Mdogo Rehema [18:30]: Chumvi si itaozesha mnyororo?

Mwanaidi [18:31]: Itaozesha Mama Mdogo, ndo maana unasuuza kwa maji baridi halafu oili tone moja kila kiungo, unafuta. Oili ikizidi inakusanya vumbi linasaga mnyororo kama msasa

Tatu [18:40]: Kwa hiyo tunaanzia wapi

Zuhura [18:44]: Tusihame hoja. Nilisema saa tisa usiku na hakuna aliyepinga, tunafunga hiyo. Kila mtu anunue taa mbili, ya mbele nyeupe ya nyuma nyekundu, na fulana ya kung'aa

Idi [18:45]: Na mimi nawasha spika tuonekane na kusikika 😂

Tatu [18:46]: Utatuamshia fisi wewe

Idi [18:46]: Fisi akiona Mama Mdogo na mto wake anakimbia mwenyewe

Mama Mdogo Rehema [18:47]: Idi!! 🤣🤣🤣

Baba Mkubwa [19:20]: Nimesoma yote toka jana. Hata ya kaptula.

Baba Mkubwa [19:26]: Usiku hamuendi. Mnajua kwa nini lakini naona mmeanza kuchezea. Walivyoniletea ile baiskeli ilikuwa imepinda yote, taa ya nyuma bado inawaka. Nikaizima mimi mwenyewe kwa kidole. Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya taa.

Baba Mkubwa [19:31]: Mtatoka kumepambazuka mtu anaona kiganja chake. Na anayeongoza mbele awe yule wa polepole kuliko wote, wenye mbio wakae nyuma yake wamvumilie. Salum atangulie.

Zuhura [19:58]: Sawa Baba Mkubwa

Tatu [20:03]: Tumesikia Baba Mkubwa

Idi [20:11]: Sawa Baba Mkubwa. Spika siji nayo

Baba Mkubwa [20:15]: Spika njoo nayo. Mchana.

IJUMAA

Zuhura [05:50]: Habari za asubuhi. Sikuandika jana nilikuwa napiga hesabu upya. Tukitoka na mwanga, kabla jua halijakolea tuna kama saa nne za maana, kwa 15 ni 60. Kilomita 1,120 kwa 60 ni siku 19 za kuendesha kabla hata ya kupumzika. Likizo yangu mimi ni siku 18 na hazisogei. Kwa hiyo ama tupunguze njia ama tuendeshe na jioni kidogo jua likishapoa ama sijui. Naomba mawazo

Tatu [08:15]: Si tupande basi kile kipande cha katikati kisicho na kitu? Baiskeli zinaingia chini kwenye buti ukitoa gurudumu la mbele na pedali

Zuhura [08:16]: Basi???

Salum [08:17]: Mimi sisemi kitu

Idi [08:17]: Salum kaa kimya ndugu yangu, huu ushindi wako ule polepole

Mwanaidi [12:30]: Shangazi kabla ya kukata njia tujipime kwanza. Wikiendi mbili mfululizo, kila mtu na mzigo wake wote kama wa safari, Jumamosi 60 na Jumapili 60. Siku ya kwanza kila mtu shujaa, ni ya pili asubuhi ukirudi kukaa kwenye kile kiti ndo utajua unaweza nini. Tukishajua mwendo wetu ndo tupange siku

Zuhura [12:41]: Hiyo naikubali. Jumamosi ijayo. Mpime mizigo kwenye mzani mtume picha hapa mpaka Jumapili usiku. Kibwana na wewe sema neno, toka Jumanne unasoma tu

Kibwana [16:02]: Ile harusi yangu mlibishana spoki?

Idi [16:03]: Ulikuwa unacheza hukuona 😂

JUMAPILI

Mwanaidi [18:10]: 12.6 na vifaa vya ufundi ndani

Tatu [19:02]: 17 😭 sijui nitoe nini

Mama Mdogo Rehema [19:05]: Mto gramu 800 nimeupima

Idi [19:40]: 14.9. Nimetoa nguo nimeacha spika

Salum [21:15]: 13.4

Salum [21:16]: Pampu ikiwemo

Zuhura [21:16]: Pampu ipi?

Salum [21:24]: Ile

Zuhura [21:25]: Unataka kuniambia miaka yote hii ipo kwako

Salum [21:31]: Ilikuwa juu ya kabati. Kila nikitaka kuileta naona tutaanza upya. Mpira wake wa mdomoni nimebadilisha, inasukuma vizuri

Mwanaidi [21:36]: Shangazi ila hiyo ni ya valvu nene zile kama za gari. Magurudumu yako mapya yana valvu nyembamba, haitashika bila kichwa cha kugeuzia

Zuhura [21:37]: Iletwe

Mwanaidi [21:37]: Haitakufaa lakini

Zuhura [21:38]: Nimesema iletwe. Jumamosi, mkononi

Salum [21:40]: Nitaileta

Tatu [21:52]: Sasa jamani tunaanzia mpakani au baharini, nataka kuomba ruhusa kazini