Je, ni lazima kulipia simu ya mezani ili kupata intaneti ya nyumbani Uingereza?

Mwana wa Tanga, Leicester

Assalaam aleikum ndugu zangu, na salamu kwa wote mnaoishi huku Uingereza.

Mwezi uliopita tulihamia nyumba ya kupanga hapa Leicester: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama yangu mzazi ambaye sasa anaishi nasi. Nilipiga simu kwenye kampuni moja kuomba intaneti, nikaeleza tangu mwanzo kwamba hatuna simu ya mezani wala hatuna haja nayo, kwa kuwa kila mtu mzima hapa nyumbani ana simu ya mkononi na ndugu walioko Tanga tunazungumza nao kwa WhatsApp. Mhudumu alinijibu kwamba kwa anwani yangu intaneti haiuzwi peke yake, bali huuzwa pamoja na laini ya simu katika kifurushi kimoja cha mkataba wa miezi 24. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba ndivyo mfumo ulivyo, na kwamba intaneti haiwezi kufika bila laini.

Jambo hili limenikera kwa sababu fedha ninayoombwa kila mwezi ni ya kitu ambacho hakitaguswa na mtu. Ndugu yangu Dar es Salaam amefungiwa faiba nyumbani kwake na hakuna aliyemtaka anunue simu kwanza. Naomba mnieleze: je, sharti hili ni la sheria, ni la kitaalamu, au ni la biashara tu? Na kama naweza kulikataa, kuna chochote ambacho mama yangu atakikosa? Ana shinikizo la damu, na mara nyingi mchana huwa peke yake.

Fundi Nyaya, Birmingham

Waaleikum salaam, kaka. Nimefanya kazi ya nyaya za simu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu upande wa utaalamu kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo wateja wengi hupotezwa.

Neno "laini" linabeba vitu viwili. Cha kwanza ni waya wenyewe, yaani jozi ya nyuzi za shaba inayotoka nyumbani kwako hadi kituo cha simu. Cha pili ni huduma ya simu inayopita ndani ya waya huo: namba, mlio unaousikia unapoinua mkono wa simu, na umeme mdogo wa volti 50 hivi unaotoka kituoni. Teknolojia ya ADSL, yaani intaneti ya kupitia waya wa simu, ilipokuja, ilitumia waya uleule, sauti ikipita katika masafa ya chini na data katika masafa ya juu, na ndiyo maana tulikuwa tukichomeka vile vichujio vidogo ukutani ili mlio wa data usiingie katika mazungumzo. Waya ulihitajika kweli. Huduma ya simu haikuhitajika kwa sababu yoyote ya kisayansi: ukiiondoa sauti, data inaendelea kupita kama kawaida.

Kilichowafunga watu pamoja na simu ni jinsi waya ulivyokodishwa. Sehemu kubwa ya mtandao wa shaba nchini humu ni ya Openreach, iliyo ndani ya kundi la BT, na kampuni nyingine hukodi kutoka kwake. Kwa muda mrefu bidhaa za jumla, yaani zile zinazouzwa kwa kampuni nyingine, zilipangwa hivi: ama unakodi laini ya simu kisha unaongeza intaneti juu yake, ama unakodi waya wote na kuweka mitambo yako mwenyewe kituoni. Hata waliokodi waya wote, wengi waliendelea kuuza simu na intaneti pamoja kwa sababu kodi ya laini, yaani malipo ya kila mwezi ya kuwa na laini, ilikuwa imekwisha kuzoeleka na wateja. Virgin Media, yenye nyaya zake za kebo, iliweza kuuza intaneti bila simu wakati wengine wakisema haiwezekani.

Sasa sikiliza hali ya leo, maana ndiyo inayokuhusu. Kuanzia Septemba 2023 Openreach iliacha kuuza laini mpya za simu za mtindo wa zamani nchi nzima, na mtandao wote wa zamani umepangiwa kuzimwa ifikapo mwisho wa Januari 2027. Mahali pake ipo bidhaa ya intaneti inayopita kwenye shaba kutoka kabati la kijani la mtaani hadi nyumbani bila huduma yoyote ya simu, na ipo faiba inayofika hadi ndani ya nyumba, ambayo haihitaji shaba kabisa. Simu ya mezani ambayo kampuni hiyo inataka kukuuzia huchomekwa nyuma ya ruta na sauti yake husafiri ndani ya intaneti. Kwa maneno mengine, intaneti yako haiitegemei simu hiyo hata kidogo. Simu ndiyo inayoitegemea intaneti. Mhudumu aliyekuambia kinyume chake ama hakufundishwa vizuri, ama amepewa maneno ya kusema.

Kwa hiyo sharti lile si la kitaalamu. Si la sheria pia, kwa kuwa hakuna sheria ya Uingereza inayomtaka mteja anunue simu ili apate intaneti. Ni uamuzi wa kampuni kuhusu kile inachotaka kuuza, na kampuni nyingine inayotumia waya uleule au faiba ileile inaweza kuwa na uamuzi tofauti.

Mzee wa Reading

Kijana wangu, nakubaliana na fundi, nami nitaongeza upande wa fedha kwa kuwa nimeulipia miaka mingi.

Nilipofika nchi hii simu ya mezani ilikuwa mlango wetu wa nyumbani. Tulinunua kadi za simu za pauni tano kwenye maduka ya mitaani, tukakwangua namba ya siri, tukapiga namba ya kuingilia, kisha tukaongeza namba ya Mombasa na kuomba dakika zisiishe kabla hatujasalimiana na wote. Wakati huo kodi ya laini haikuniuma, kwa sababu laini ilikuwa ikifanya kazi. Baadaye watoto walitaka intaneti, simu ikanyamaza, lakini kodi yake haikunyamaza, iliendelea kupanda.

Wala si hisia zangu tu. Mwaka 2017 mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, ilieleza kwamba kampuni kubwa zilikuwa zimeongeza kodi ya laini kwa kati ya asilimia 28 na 41, ilhali gharama ambayo kampuni zenyewe hulipa ili kutoa huduma hiyo ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 25. Waliokuwa na simu peke yake bila intaneti, wengi wao wazee, ndio walioumia zaidi, kwa sababu hawakuwa na kifurushi cha kuwapunguzia. BT ilikubali kuwashushia wateja wake wa aina hiyo kutoka pauni 18.99 hadi pauni 11.99 kwa mwezi kuanzia Aprili 2018.

Na matangazo yalisaidia kuficha mzigo huo. Bei ya intaneti iliandikwa kwa herufi kubwa, wakati mwingine ikiwa karibu na bure, na kodi ya laini ikawekwa chini kwa herufi ndogo. Mwaka 2016 utafiti uliofanywa na Ofcom pamoja na ASA, ambayo husimamia matangazo ya biashara, ulionyesha kwamba ni asilimia 23 tu ya washiriki waliotambua kwa usahihi gharama kamili ya mwezi baada ya kuliona tangazo mara ya kwanza. Kuanzia tarehe 31 Oktoba mwaka huo, kampuni zilitakiwa kuonyesha bei moja ya jumla bila kuitenga kodi ya laini.

Naona kanuni ile ilikuwa njema, lakini ilikuwa na upande wake wa pili: bei zilipounganishwa, watu wengi hawakuiona tena simu ndani yake, na wakaacha kuuliza. Wewe umeuliza, na usikubali kunyamazishwa. Omba kila kitu kwa maandishi kabla hujakubali, na uone kama simu imeandikwa kama huduma ya hiari au imefichwa ndani ya kifurushi.

Mwanakivu, Columbus, Ohio

Habari zenu ndugu wa Uingereza. Nachangia kwa ufupi tu, ili kaka wa Leicester ajue kwamba jambo hili limewahi kupiganiwa kwingine.

Huku Marekani kampuni za simu zilikataa kwa miaka kuuza DSL, yaani intaneti ya waya wa simu, kwa mtu asiye na simu yao. Baadhi ya majimbo ya kusini yaliilazimisha kampuni ya simu ya BellSouth kuendelea kuwauzia DSL watu waliohamishia simu zao kwa mshindani, lakini Machi 2005 tume ya mawasiliano, FCC, iliamua kwamba majimbo hayana mamlaka hayo. Kilichobadilisha hali kilikuwa miungano ya kampuni zenyewe: mwaka huohuo SBC iliponunua AT&T, na Verizon iliponunua MCI, walikubali sharti la kuuza DSL bila simu. Mwishoni mwa 2006, AT&T mpya, yaani SBC baada ya kuchukua jina hilo, ilipotaka kuichukua BellSouth, iliahidi pia kuuza DSL bila simu kwa dola 19.95 kwa mwezi. Waya haukubadilika hata kidogo. Waliokuwa wakisema haiwezekani waliweza mara tu walipohitaji kibali cha kuungana.

Bi Mkubwa wa Coventry

Mwanangu, wenzangu wamelieleza vizuri suala la bei. Mimi nitasema kuhusu mama yako, kwa sababu naye ni sehemu ya swali lako na hajajibiwa.

Simu ya zamani ilikuwa na jambo moja jema sana: umeme ukikatika nyumbani, iliendelea kufanya kazi kwa ule umeme wa kituoni aliousema fundi. Simu ya kupitia ruta haina uwezo huo. Ruta ikizimika, simu nayo imezimika. Kwa hiyo usikubali kuuziwa simu mpya kwa hoja kwamba itamlinda mama umeme ukikatika. Kwa mteja anayetegemea simu ya mezani kwa sababu ya afya au kwa kukosa mtandao wa simu ya mkononi nyumbani, mwongozo wa Ofcom unaitaka kampuni impe njia ya kuzifikia huduma za dharura kwa angalau saa moja umeme unapokatika, bila kumtoza. Lakini ni lazima kampuni ijue hali yake, yaani ni lazima wewe uwaambie.

Jambo la pili ni kitufe cha dharura, kile ambacho mgonjwa hukibonyeza kuita msaada. Mume wangu alikuwa akivaa kitufe shingoni, na kifaa chake kilichomekwa kwenye tundu la simu ukutani. Tulipohamishiwa simu ya kupitia ruta hakuna aliyetuuliza kuhusu kifaa hicho. Niligundua mwenyewe siku nilipokijaribu na hakuna aliyeitikia. Namshukuru Mungu kwamba ilikuwa siku ya kujaribu. Tulipata kifaa kipya chenye laini yake ya simu ya mkononi ndani, na kimefanya kazi vizuri tangu hapo. Kama mama yako ana kifaa cha aina hiyo, au kama halmashauri itampatia baadaye, omba cha namna hii, nacho hakitategemea mkataba wako wa intaneti.

Tatu, pima mtandao wa simu ya mkononi katika chumba anachokaa mchana, si dirishani. Kama unashika vizuri na mama anajua kupiga namba ya dharura, 999, basi sioni sababu ya wewe kulipia simu ya mezani. Kama haushiki, simu ya kupitia ruta inaweza kumfaa kweli, na hapo uinunue kwa sababu unaihitaji. Wasomaji wengine wenye namba ya zamani ambayo hospitali na ndugu wanaitumia wakumbuke kuomba ihamishwe wakati wa kuagiza huduma mpya, kabla ya kuikata ya zamani, kwa sababu namba ikipotea ni vigumu kuirudisha.

Mwana wa Tanga, Leicester

Shikamoo Mama wa Coventry, na shikamoo Mzee wa Reading. Nawashukuru sana nyote.

Nimefuata ushauri wenu. Niliirudia kampuni ile na kuuliza kwa barua pepe kama simu inahitajika kwa sababu ya waya au kwa sababu ya kifurushi chao. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, likisema kwamba kwa sasa hawauzi intaneti peke yake katika eneo langu. Halikutaja waya popote. Nikaiuliza kampuni ya pili, nayo ikathibitisha kwamba faiba imekwisha kufika mtaani kwetu, na kwamba wanauza intaneti bila simu, kwa bei iliyo chini ya kile kifurushi.

Kuhusu mama, jana nilikaa chumbani kwake na simu yake, tukajaribu kila kona. Mtandao unashika vizuri karibu na kitanda lakini hafifu jikoni, kwa hiyo nimeihamishia chaja yake kando ya kitanda na kumwekea namba zetu pamoja na 999 katika ukurasa wa kwanza wa simu. Fundi anakuja Alhamisi kuvuta faiba. Nitamwomba aweke ruta karibu na jikoni, kisha nitawasha huduma ya kupiga simu kupitia Wi-Fi katika simu ya mama, ili aweze kutupigia hata akiwa huko.

Fundi Nyaya, Birmingham

Umefanya vyema, kaka. Ongeza jambo moja tu: huduma hiyo ya Wi-Fi nayo inategemea ruta, kwa hiyo umeme ukikatika mama asogee karibu na kitanda. Mjaribishe mara moja huku ruta ikiwa imezimwa, akupigie wewe, ili ajue kwa mkono wake mwenyewe pa kusimama.